Ngoma Isiyotaka Kunyamaza

Fanfari inapopita barabarani, macho ya watu hukimbilia tarumbeta, kwa kuwa zinang'aa. Lakini miguu haifuati tarumbeta. Miguu hufuata ile ngoma ndogo iliyoning'inizwa kiunoni pa kijana wa mstari wa mbele, ile inayolia kwa sauti kavu ya kukwaruza, kana kwamba mtu anamwaga changarawe juu ya bati. Sauti ile haitoki katika ngozi peke yake. Chini ya ngoma, penye ngozi ya pili ambayo fimbo haiigusi kamwe, zimenyoshwa nyuzi nyembamba za chuma, mara nyingi 20, zilizosokotwa mfano wa kamani. Fimbo ikipiga juu, hewa iliyomo ndani huisukuma ngozi ya chini; ngozi ile huzirusha nyuzi, nazo hurudi na kuipiga. Mara moja fimbo imepiga, mara nyingi nyuzi zimejibu. Ziondoe nyuzi, na iliyobaki ni ngoma tupu, yenye sauti ya pipa.

Ubavuni mwa ngoma hiyo kuna chombo kidogo cha kukaza na kulegeza nyuzi. Mimi hukiita kikazio, na wateja wangu wamezoea kuniiga. Kina wenzo mmoja: ukiupandisha, nyuzi hushikamana na ngozi, ukiushusha, nyuzi huachia na kuning'inia. Kina pia kifundo cha kuzungusha kwa vidole, ili kuongeza au kupunguza mvuto kidogo kidogo. Upande wa pili wa mzinga limepigwa bamba dogo linaloshika ncha za pili za nyuzi. Ndivyo vyote. Chombo chenyewe hakizidi kidole cha mtu kwa urefu. Walakini, katika miaka yangu ya kutengeneza ngoma hapa Lubumbashi, nimeona kikilaumiwa, kikipigwa nyundo, kikifungwa kwa waya na kutupwa jalalani, kuliko kitu kingine chochote cha ngoma. Leo nataka kukitetea.

Labda mtu atauliza: Ngoma za viwanda vya Ulaya na Marekani zina habari gani nasi, ambao babu zetu walichonga ngoma zao wenyewe? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba tumekaa nazo siku nyingi. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Mombasa na Lamu, vijana walianzisha mchezo wa beni kwa kuiga bendi za kijeshi, na mchezo ule ukapanda bara hata ukafika Katanga, ambako wazee waliuita mbeni. Force Publique ilikuwa na bendi zake. Misioni nazo zilikuwa na fanfari zao. Mtoto wa Kamalondo au wa Kenya aliyezaliwa miaka ile aliijua sauti ya nyuzi kabla hajajua kusoma.

Katika ngoma za askari wa zamani nyuzi zilikuwa za utumbo wa mnyama, nene na ngumu, zikivutwa kwa ndoano yenye skrubu. Askari hakuwa na haja ya kuzilegeza upesi. Aliyehitaji wepesi ni mpigaji wa majumba ya michezo huko Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Yeye alitakiwa kulia kama jeshi, kisha katikati ya wimbo anyamaze, aigize ngoma ya mbali. Kwa ajili ya watu kama huyo wenzo ukaenea. Mjini Chicago ndugu wawili, William na Theobald Ludwig, walifungua kazi yao mwaka 1909 kwa kutengeneza kikanyagio cha ngoma kubwa, na jina lao likawa mojawapo ya majina makubwa katika biashara hii. Tena, usiku wa tarehe 9 Februari 1964, Ringo Starr wa Beatles alipoonekana katika televisheni ya Marekani, jina Ludwig likiwa limeandikwa mbele ya ngoma yake kubwa, vijana wa nchi nyingi walitaka ngoma za namna ile. Hiyo ni sababu mojawapo ya ngoma za Ludwig za miaka ya 1960 kutapakaa duniani. Baadhi zimefika hata kwetu, katika mizigo ya walimu, ya wanamuziki, na ya watu waliorudi kutoka masomoni.

Moja ya hizo ililetwa kwangu mwaka 2014, mwezi wa Februari, siku ya Jumatano, mvua ikinyesha. Waliileta watoto wawili wa marehemu mmoja, kaka na dada. Baba yao alikuwa amefariki Jumanne usiku. Alikuwa ameipiga ngoma hiyo katika fanfari ya parokia yake zaidi ya miaka 40, na maziko yalikuwa yamewekwa siku ya Ijumaa. Niliitazama ngoma: mzinga wa alumini uliopakwa kromi, inchi 14 kwa upana na 5 kwa kina, skrubu 10 kuzunguka. Ilikuwa Supraphonic ya Ludwig. Ngoma za kwanza za jina hilo zilikuwa na mzinga wa shaba nyeupe, lakini tangu mwaka 1963 hivi kiwanda kilihamia alumini. Kromi haikai vizuri juu ya alumini. Baada ya miaka huanza kuvimba na kutoa madoadoa mfano wa ndui. Ngoma ya mzee ilikuwa na ndui hiyo upande mmoja, pale ilipokuwa ikigusana na paja lake lenye jasho. Kwa upande mwingine iling'aa kama sahani ya arusi.

Wenzo wa kikazio ulikuwa umefungwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi, umezungushwa mara tano au sita na kutiwa fundo.

«Papa fundi,» akasema yule dada, «usipoufunga, unaanguka wenyewe katikati ya wimbo. Baba aliufunga hivyo tangu miaka miwili. Lakini Ijumaa haifai kufungwa.»

Nikamwuliza kwa nini haifai.

«Kwa sababu kwenda makaburini nyuzi zinatakiwa kulegezwa. Yeye mwenyewe aliwafanyia hivyo wenzake wote. Alituagiza.»

Wale waliowahi kusindikiza askari au mwanamuziki kaburini wanaijua desturi hiyo. Njia ya kwenda, ngoma hupigwa bila nyuzi, na pengine hufunikwa kitambaa cheusi. Sauti hushuka, ikawa nzito na pofu, kama hatua za watu waliochukua kitu kizito. Njia ya kurudi nyuzi hukazwa tena, nayo fanfari hupiga machi ya kawaida, kwa kuwa walio hai wanarudi nyumbani kwao. Basi kikazio kinatakiwa kutii mara mbili siku ile: kiachie, kisha kishike. Kile cha mzee kilikuwa kimekataa yote mawili. Hakikushika bila mpira. Na kwa mpira hakikuachia.

Kaka mkubwa alikuwa na shauri lake. Alifungua mfuko wa plastiki akatoa kikazio kipya, cha bei nafuu, alichokinunua mjini asubuhi ile. «Papa,» akasema, «kile cha zamani kimekufa. Toboa matundu mawili, utie hiki, yaishe. Tena kuna mtu wa Ulaya ameiona picha yake katika simu, anaitaka. Atalipa dola nzuri kama inafanya kazi.» Sikumlaumu. Matanga hula fedha, na jamaa walikuwa wamejaa uani tangu jana yake. Lakini nikamwambia mambo mawili. La kwanza: mnunuzi wa ngoma za kale hugeuza mzinga kwanza na kuhesabu matundu. Tundu ambalo kiwanda hakikulitoboa hushusha bei, na hakuna fundi awezaye kulirudishia chuma chake. La pili: chombo kinachoanguka hakijawa maiti. Anayeanguka huenda amesukumwa.

Nikaomba waniachie ngoma hadi kesho yake jioni. Dada akasema atakaa. Akakaa, juu ya kreti ya bia iliyopinduliwa, kanga yake ya msiba imefungwa kifuani, akitazama kila nilichokigusa.

Mafundi wengi huanza na kikazio, kwa kuwa ndicho kinachoonekana kimekosa. Mimi huanza na ngozi ya chini. Niliipindua ngoma, nikaigonga ngozi kwa kidole. Ikatoa sauti fupi, ya kuziba. Nikaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada penye ukingo: nene. Ilikuwa ngozi ya plastiki ya kupigia, ile inayowekwa juu, nyeupe na yenye kupakwa rangi ya mkwaruzo. Mtu fulani, zamani, aliyekosa ngozi ya chini, alikuwa ameitia hiyo. Ngozi ya kupigia ina unene wa robo ya milimeta hivi. Ngozi ya chini haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimeta. Yaani ngozi ile ilikuwa na unene zaidi ya mara tatu kuliko inavyotakiwa. Pigo la juu lilipofika chini, lilikuta ukuta.

Hapo habari yote ikajieleza. Ngozi ilipokuwa nzito, nyuzi hazikujibu. Mpigaji, asiposikia nyuzi, hufanya nini? Huzungusha kifundo, azikaze. Zisipojibu bado, huzungusha tena. Kifundo cha mzee kilikuwa kimefika mwisho wa hesi yake. Nyuzi zikavutwa kwa nguvu ambayo kikazio hakikuumbwa kuichukua, na kila pigo lilitikisa wenzo ule uliovutwa mno, mpaka ukaanguka. Akaufunga kwa mpira. Ngoma iliendelea kulia, kwa sauti iliyokabwa, na mzee, ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka pamoja naye, aliizoea. Hivyo chuma kilikuwa kimelaumiwa miaka miwili kwa kosa la ngozi.

Nilikata mpira. Wenzo ukaanguka papo hapo, kama mkono wa mtu aliyelala. Dada akashtuka kidogo.

Nikazifungua nyuzi na kuzilaza juu ya kipande cha kioo. Uzi uliovutwa kupita kiasi haurudi tena katika urefu wake. Hulala umepinda kati ya wenzake walionyoka, na huo ndio unaovuma wakati wote kama nzi chupani. Kati ya nyuzi 20 zile, mbili zilikuwa zimeharibika. Nilizikata kwa koleo karibu kabisa na bamba zao, ncha zote mbili, zikabaki 18. Hakuna sikio litakalozikosa mbili hizo. Kuziacha ndiko kungesikika.

Kisha niliutoa mzinga mtupu, nikauweka juu ya kioo kile kile, ukingo wa chini ukiwa umelala, nikafunga dirisha na kuwasha taa ndogo ndani yake. Jambo hili nawashauri wote wenye ngoma za kale walifanye, kwa kuwa halina gharama. Ukingo wa mzinga unatakiwa kulala sawasawa juu ya kioo, nuru isipenye, isipokuwa mahali pawili panapoelekeana: pale nyuzi zinapopita kuelekea kikazio na kuelekea bamba. Hapo ukingo umepunguzwa makusudi, likafanyika bonde jepesi, ili nyuzi zilale zikigusa ngozi toka mwanzo hata mwisho. Nuru ikitokea mahali pengine, mzinga umepinda au umegongwa. Bonde likikosekana, nyuzi huinuka kwenye kingo na kuvuma. Bonde likiwa na kina mno, hayo ni matatizo mengine, na inafaa niyaeleze, maana ndiyo yanayowasumbua wengi wenye ngoma za kabla ya miaka ya 1950.

Ngoma zile zilitengenezwa kwa ajili ya ngozi ya ndama. Ngozi ya ndama hulowanishwa, hukunjwa juu ya pete ingali mbichi, na inapokauka hujifunza umbo la mzinga, pamoja na bonde lake. Kwa hiyo waundaji hawakuogopa kuchimba bonde kwa kina. Katika miaka ya 1956 na 1957 Wamarekani, miongoni mwao Chick Evans na Remo Belli, walianza kuuza ngozi za plastiki. Zilikuwa neema kubwa, hasa kwa nchi za mvua kama yetu. Ngozi ya ndama mwezi wa Januari hulegea kama kitambaa kibichi, na mpigaji huishi akiiota motoni. Lakini plastiki haijifunzi umbo la mtu. Inatoka kiwandani ikiwa bapa, na juu ya bonde lenye kina hufanya mikunjo. Ukikutana na ngoma ya namna hiyo, chagua ngozi laini kabisa, ikaze taratibu sana, na uzipinde kidogo ncha za bamba la nyuzi zifuate bonde. Usichukue tupa ukaanza kusawazisha mzinga wa miaka 80. Ngoma ya mzee, kwa bahati, ilikuwa ya wakati wa plastiki: bonde lake lilikuwa jepesi, na nuru ilipenya mahali pawili tu. Dada aliinama akatazama, akasema, «Kama jua chini ya mlango.»

Ndipo nilipokigusa kikazio. Skrubu mbili, kikatoka. Vyombo hivi vingi vya zamani havikuchongwa katika chuma kigumu. Ni zinki iliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Kwa nje hupakwa kromi, vikafanana na chuma cha bunduki, lakini ndani ni vyepesi kuvunjika, na vikishavunjika havikubali kuunganishwa kwa moto kama chuma. Kwa hiyo nyundo ni adui yao, na koleo lisilovikwa kitambaa pia. Nilikilaza katika mafuta ya taa usiku kucha. Asubuhi yalitoka matope meusi: vumbi, jasho, na mafuta ya zamani yaliyokuwa magumu kama lami. Nilinusa pia mawese. Jamani! Mawese ni ya sombe. Katika chombo cha kuzunguka hugeuka gundi, na sisimizi huja kuyatafuta. Tone moja la mafuta ya cherehani latosha kwa mwaka mzima.

Baada ya kusafishwa, kikazio hakikuwa na ufa wala pengo. Skrubu ya mhimili, ile ambayo wenzo huizunguka, ilikuwa imelegea nusu mzunguko, na kulikuwa na mwanya mdogo kati ya wenzo na mwili. Nilikata washa nyembamba katika bati la kopo la maziwa, nikailainisha kwa msasa, nikaitia, nikakaza skrubu mpaka wenzo ukaanza kusogea kwa upinzani kidogo, kama mlango wa kabati nzuri. Hiyo ndiyo dawa ya chombo kilichokuwa kimehukumiwa kutupwa. Kipimo chake hakiandikiki. Kidole ndicho kinachojua. Skrubu za kiwanda nilizirudisha zile zile. Skrubu za Marekani za wakati ule hazifuati hesi ya milimeta inayouzwa katika maduka yetu, na mtu akilazimisha moja isiyo yake, hula tundu, ndipo hutafuta kekee.

Ngozi nyembamba nilikuwa nayo, niliyoitoa katika ngoma iliyopondwa na gari. Niliikaza kwa kuvuka: skrubu moja, kisha ile inayoielekea, robo mzunguko kwa robo mzunguko, nikigonga karibu na kila moja hata sauti zote 10 zikafanana. Nyuzi nilizirudisha kwa kamba mpya. Ya pamba hunyonya unyevu na kurefuka. Ya nailoni ya uzi mmoja, ile ya kuvulia kwa ndoana, huteleza fundoni. Niipendayo ni kamba nyembamba ya kusukwa, ya kutengenezea nyavu. Nilikiweka kifundo katikati ya hesi yake, wenzo ukiwa juu, nikazilaza nyuzi katikati ya ngozi, nikafunga pande zote mbili kwa urefu mmoja. Hivyo mpigaji ana nafasi ya kukaza na nafasi ya kulegeza. Anayefunga kifundo kikiwa mwishoni amemnyima mpigaji nusu ya chombo.

Nikampa dada fimbo. Nikamwambia apige taratibu kabisa, kama mvua inayoanza. Nilizungusha kifundo kidogo, kidogo, hata nyuzi zikasema hata kwa pigo la ncha ya fimbo penye ukingo. Hapo nikaacha. Nikamwambia apige kwa nguvu. Alipiga robo saa nzima, machozi yakimtoka bila yeye kuyafuta, nami nikiutazama wenzo. Haukusogea. Nyuzi hazikuwa zikivutwa tena kwa ugomvi, kwa hiyo haukuwa na sababu ya kuanguka. Kisha nikamwambia aushushe. Ukashuka kwa sauti ndogo, na ngoma ikabaki na ile sauti nzito, pofu. Akapiga mara nne, akaacha.

Nisingependa msomaji afikiri kwamba kila ngoma hutii kwa njia hii. Waundaji wa miaka ile walishindana kwa werevu, na werevu mwingine una gharama zake. Rogers, kampuni nyingine ya Marekani, katika miaka ya 1960 iliuza ngoma iitwayo Dyna-Sonic, ambayo nyuzi zake hukazwa ndani ya fremu yao wenyewe, na kikazio huinua tu fremu ile mpaka ngozini. Mzinga wake hauna bonde, kwa kuwa hauhitaji. Nililetewa moja iliyopotewa na fremu, ikiwa imetiwa nyuzi za kawaida, na mwenyewe akiapa kwamba kikazio kimelogwa. Hapakuwa na uchawi. Nyuzi zilikosa mahali pa kulala, na bila fremu ya aina yake ngoma ile haiwezi kupona. Ludwig nao walikuwa na Super-Sensitive, ambayo nyuzi hukazwa mmoja mmoja, na ncha zote mbili huachia kwa pamoja. Ni chombo cha ajabu, na kwa mtu mwenye haraka ni adhabu. Slingerland walitoa kikazio walichokiita Zoomatic, na mpaka leo wapigaji wakilitaja jina hilo hutikisa kichwa. Katika vyote hivyo, hata hivyo, nimeona ni afadhali kuuliza kwanza kuhusu ngozi, bonde na kamba, kabla ya kukihukumu chuma.

Nami nina neno kwa wazazi wenye watoto katika fanfari. Mtoto akirudi nyumbani akisema ngoma imeharibika, inavuma yenyewe wakati wa mahubiri, msimnunulie mara moja nyingine. Mara nyingi huvuma kwa sababu tarumbeta au ngoma ya jirani inapatana nayo kwa sauti, na nyuzi huitikia kwa heshima. Mwambieni abadili kidogo mkazo wa ngozi moja, au azilegeze skrubu mbili mbili zilizo karibu na nyuzi. Tena amjue wenzo wake: Padri anaposimama kuhubiri, wenzo ushushwe. Ni kazi ya nukta moja, na waamini watasikia neno lote.

Alhamisi jioni kaka mkubwa alikuja kuichukua ngoma. Alipandisha wenzo, akaushusha, akaupandisha tena, kama mtoto aliyepewa kibiriti. «Kwa hiyo haikufa,» akasema. Dada yake akamjibu, «Yaya, ilikuwa imechoka tu kuvutwa.» Hakusema habari ya dola tena siku ile, nami sikumwuliza.

Ijumaa mvua ilikatika mnamo saa nane. Nilisimama pembeni mwa barabara, kwa kuwa fundi hana mahali katika mstari. Tarumbeta zilikuja kwanza, zimeshikwa chini, hazipigwi. Kisha dada, na ngoma ya baba yake kiunoni, imefunikwa kitambaa cheusi ambacho nadhani kilikuwa kipande cha sketi. Hatua, pigo, hatua, pigo. Sikusikia uzi hata mmoja. Kuna wazee waliovua kofia kabla jeneza halijafika, kwa sauti ile tu.

Waliporudi nilikuwa ningali pale. Mlangoni pa makaburi kiongozi wa fanfari aliinua mkono, na vijana wakajipanga upya kati ya madimbwi. Niliuona mkono wa dada ukienda ubavuni mwa ngoma bila yeye kuutazama. Akapandisha wenzo. Kisha ile changarawe ikamwagika juu ya bati, kavu, kali, barabara nzima, na watoto waliokuwa wamekaa ukutani wakaruka chini kufuata.

Ngoma haijauzwa. Ile ngozi nene niliitia mahali pake, juu ya ngoma ya wanafunzi iliyokuwa imepasuka. Kikazio kipya alichokinunua kaka mkubwa kingali katika kabati yangu, ndani ya plastiki yake, pamoja na skrubu zake mbili.